Nyumba Iliyovaa Magunia

Kila asubuhi ya likizo, kabla hata ya chai, Bryony Alderson alitoka na ndoo kwenda kuunyunyizia ukuta maji. Ukuta! Watoto wengine wa bondeni kwao wanaogelea mtoni, yeye ananywesha mawe.

Nyumba ya bibi yake ilikuwa ya mawe, kuukuu, na mvua iliingia chumbani mwa bibi kama mpangaji. Mama alikwisha kutoa hukumu: ukuta ukivuja tena majira ya baridi, bibi atapelekwa mjini, kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo baba alikwangua chokaa iliyooza kati ya mawe, akajaza mpya, kisha akautundikia ukuta magunia yaliyoloweshwa ili chokaa ikauke polepole, maana ikikauka haraka haishiki.

"Magunia yasikauke, Bryony. Hiyo ndiyo kazi yako."

Siku moja Jonty Fawcett, mvulana mwenye baiskeli kubwa na akili ndogo, alisimama getini na wenzake.

"Jamani, nyumba yenu imekosa nguo?"

"Ni kwa sababu ya chokaa, ina—"

"Sisi magunia tunatilia viazi!"

Walicheka mpaka kondoo wakainua vichwa.

Heshima ya Bryony ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Baba alipokwenda mnadani, Bryony aliyavua magunia yote, akayaficha bandani. Jua likawaka, upepo wa milimani ukavuma. Ukuta ukapendeza kwelikweli. Jonty hakupita hata kuutazama.

Jioni baba aligusa ukuta kwa kidole. Chokaa ikamwagika kama unga.

"Nani kayavua?"

"Mimi, baba. Walikuwa wananicheka."

"Ahaa! Basi bibi aende mjini, na Jonty tumpe chumba chake."

Bryony akaangua kilio. Baba hakumfuta machozi; alimpa patasi. Likizo yote iliyobaki akakwangua, akajaza, akalowesha. Jonty alipopita tena, alimkuta juu ya ngazi.

"Bado magunia tu?"

"Yapo mengi. Ukitaka moja la kujifunika mdomo, sema."

Novemba, baridi ilipoanza, mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi bibi alipitisha kiganja ukutani, kando ya kitanda chake. Pakavu.

"Mjukuu wangu," alisema, "wale waliokucheka walikwenda kulala kwao. Anayelala hapa ni mimi. Siku nyingine ukipewa kazi, mfikirie anayeihitaji, siyo anayepita njiani. Haya, chai yangu iko wapi?"