Taa Ikizimika

"Kila Jumanne uko na yule kijana, na usinidanganye," alisema fundi lifti. Alikuwa amesimama ukumbini mwa jengo la ghorofa kumi na mbili, mikono imejaa grisi.

"Yule mwalimu wa chuo cha ng'ambo ya barabara? Ni sawa na mwanangu," alijibu mama wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye daftari la wageni. Alivaa blauzi ya kijani iliyonyooshwa vizuri, kalamu sikioni.

"Mlikuwa mmeinamia karatasi moja, vichwa vinagusana."

"Ungesogea ungeona imeandikwa jina lako. Wivu wako una macho, hauna miguu."

Akaisukuma karatasi juu ya meza. Ilikuwa fomu ya kozi ya miezi sita ya lifti za kompyuta. Mama alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa sahihi.

"Miaka hamsini na tatu, nikabanane dawatini na watoto? Mimi nilisomea lifti huyo mwalimu hajaota meno."

"Ulisomea za wakati ule, mpenzi."

Walijuana hapohapo, miaka mitatu nyuma. Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, naye mama akiwa ndani na mifuko ya sokoni. Kwa dakika arobaini fundi alimpigia soga kupitia ufa wa mlango ili asiogope. Alipotoka, mama alisema, "Sauti yako nzuri kuliko kazi yako." Kesho yake simu zikaanza. Umekula? Nimekula, mkwamishaji wangu.

Mwaka jana mwenye jengo akaweka mtambo mpya. Katika ule wa zamani, taa nyekundu ikizimika, umeme umekatika, unaingia shimoni bila wasiwasi. Katika mpya, taa huzimika mtambo ukiwa umepumzika tu, umeme ungalimo. Fundi hakulijua hilo. Akamwita mwenzake wa kazi kwa miaka ishirini, yule aliyemwita Pacha: "Taa imezimika, ingia." Pacha akaingia kupitia mlango wa ghorofa ya saba. Lifti ikashuka.

Tangu siku hiyo kofia ya Pacha inaning'inia kwenye chumba cha mitambo. Na kila asubuhi lifti husimama yenyewe ghorofa ya saba, hufungua mlango, hakuna mtu, hufunga. Wapangaji wameacha kuipanda. Fundi huiamkia: "Umeamkaje, Pacha?" Hajawahi kuitengeneza.

"Mimi nilidhani ni kiburi," mama alisema, sauti imeshuka. "Kumbe unaogopa. Kitu gani?"

Fundi alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kitabu cha mtambo kiko kule chuoni. Kama onyo la taa limeandikwa mle, basi mimi ndiye niliyemuua. Nisiposoma, sijui."

"Unajua. Ndiyo maana unaiamkia lifti."

 Nyuma yake mlango wa lifti ulifunguka wenyewe, ukakaa wazi kama unasubiri mtu, ukajifunga.

"Jumatatu wanakuletea mwenzako mpya," mama alisema. "Taa ikizimika, utamwambia nini?"

Fundi alimtazama. Kisha akachomoa kalamu sikioni mwa mama, akatia sahihi, grisi ikapaka nusu ya jina. Akapanda ngazi hadi juu kabisa, akarudi na kofia ya Pacha kwapani, akavuka barabara bila kuaga.

Darasa lilikuwa limeshaanza. Vijana waligeuka. Alikaa dawati la mbele kabisa, kofia juu ya meza. Simu ikatetemeka mfukoni, akaipokea kwa kunong'ona.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi lile swali ulilouliza Krismasi, jibu ni ndiyo. Siwezi kuolewa na mzimu, lakini mwanafunzi nitamwoa hata mimi mwenyewe."

"Subiri," alisema fundi. Aliiweka simu karibu na kofia bila kuikata, akamgeukia mwalimu.

"Samahani, mwalimu. Nionyeshe ukurasa unaozungumzia taa."

Mwalimu alimfungulia. Fundi akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akausoma kwa sauti.