Chai Yenye Chumvi

Mke wa Mzee Unga aliondoka nyumbani Jumanne asubuhi, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa anakwenda hospitali kulazwa. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Jioni uniangalizie tamthilia," alimwambia mumewe. "Nikirudi utanisimulia."

"Nenda ukatibiwe. Tamthilia haikimbii."

"Haikimbii, lakini wewe unasinzia."

Hakurudi. Saa nane mchana moyo wake ulisimama. Simu ya hospitali ilipolia, binti yao ndiye aliyepokea.

Mzee Unga alikuwa msagaji. Jina hilo alipewa na wateja wake. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha mashine ya kusaga nafaka, na kila jioni alirudi nyumbani na nyusi nyeupe kwa unga. Mkewe alikuwa akimpangusa kwa kitambaa kabla hajakaa. Baada ya msiba, watu walirudi makwao. Nyumba ikawa kimya. Mzee Unga akakaa na nyusi zake nyeupe.

Ndipo alipoisikia ile filimbi.

Ilikuwa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Alikwenda jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Akatoka nje, ikamfuata. Akaziba masikio kwa viganja, ikazidi. Sauti ilikuwa kichwani mwake.

Hakumwambia mtu. Alimkumbuka shangazi yake, aliyeanza kwa kusikia vitu visivyokuwepo, akaishia kutowajua wanawe. Mzee Unga akaanza kujichunguza. Alirudia moyoni majina ya ndugu zake. Alihesabu funguo. Akisahau kofia, jasho lilimtoka.

Jambo moja tu lilimtuliza. Alikumbuka ombi la mkewe. Alinunua daftari, na kila siku saa kumi na mbili jioni alikaa kwenye kiti chake, akawasha televisheni, akaandika kilichotokea kwenye tamthilia. Mkewe hatarudi kusimuliwa, alilijua hilo. Aliandika hivyo hivyo.

Televisheni ikiongea, filimbi ilififia. Kwa hiyo aliiacha iongee. Jumamosi na Jumapili aliongeza filamu, mbili au tatu kwa siku. Filamu za mapigano hazikumpa shida, maana ngumi haihitaji maneno. Tamthilia ndiyo iliyomtesa. Watu walikuwa wanang'ung'unika. Alipandisha sauti kutoka namba ishirini hadi thelathini na moja, kisha arobaini na tano. Wakazidi kung'ung'unika kwa nguvu. Hadithi yenyewe nayo ikaanza kuwa ya ajabu.

Wiki ya tatu, pale mashineni, mteja mmoja, mama wa makamo, aliinama kuchukua ndoo yake. Ncha ya kitambaa chake cha kichwa ikanaswa na mkanda wa mashine. Alipiga kelele. Mzee Unga alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, amempa mgongo, anafunga gunia. Hakugeuka. Kitambaa kilichanika, mama akaanguka chali. Hakuumia. Lakini alipoinuka alimtazama Mzee Unga kwa namna ambayo mzee hakuweza kuisahau.

"Nimekuita mara tatu, mzee," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Habari zilimfikia binti yake, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Jumamosi alikuja. Alimkuta baba yake mbele ya televisheni, na daftari pajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Ngoja wamalize kuzika."

Binti alipunguza sauti ya televisheni kidogo, akachukua daftari. Akasoma.

*Jumatatu. Mke mdogo ametia chumvi kwenye chai ya tajiri. Tajiri amekunywa, ameanguka. Wote wanalia.*

*Jumatano. Paka amerudi kutoka ng'ambo. Anadai nusu ya nyumba.*

*Ijumaa. Polisi wamemchukua paka.*

Binti alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, paka anadai nyumba?"

"Ndivyo wanavyosema. Hata mimi nimeshangaa."

"Na tajiri amekufa kwa chumvi?"

"Labda alikuwa na presha. Nitajuaje?"

Binti alifunga daftari taratibu. "Baba, leo ni tarehe ngapi?"

Mzee Unga alielewa mara moja anachoulizwa. "Tarehe kumi na tisa. Na wewe ni kitindamimba wangu, unashona magauni, na hujanirudishia mkasi. Usinipime." Kisha akagusa kichwa chake. "Kuna kitu kinapiga filimbi kichwani mwangu," alisema. "Tangu mama yako aondoke."

Binti alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa mashine, baba. Mpaka tujue kuna nini."

Mzee Unga aliutoa mfukoni. Hakuuachilia. Bila mashine angeamka aende wapi? Wakabaki hivyo, ufunguo mmoja, mikono miwili.

Jirani yao aliingia kabla hawajaamua. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya masikio.

"Hodi nimepiga mara nne," alisema. "Mzee, mwezi mzima tamthilia yako naisikia nikiwa kitandani kwangu. Nimekuja uipunguze, au uniwekee na kiti."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi aliona macho ya binti, akaona daftari. Binti akampa asome. Alisoma kurasa zote, kidole kikifuata mistari.

"Hii nami naiangalia," alisema. "Siyo chumvi, ni sumu. Aliyerudi ni kaka, siyo paka."

"Kaka?" Mzee Unga aliketi wima. "Ndiyo maana alikuwa na mabegi."

Muuguzi aliinua daftari, akafunika mdomo wake. "Rudia ninachosema, mzee. Kaka."

"Paka."

"Fika."

"Pika."

"Sumu."

"Chumvi. Au chungu."

Aliteremsha daftari, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Mzee Unga akiwa anamtazama mdomo, alipata yote matatu.

"Sasa sikilizeni," alisema muuguzi, akavuta kigoda. "Kelele kubwa huharibu masikio polepole, na haiumi. Herufi zenye sauti nyembamba ndizo hupotea mapema. S, f, k, sh. Sauti nene hubaki. Basi mtu anasikia kwamba watu wanaongea, lakini hajui wanasema nini. Sikio linaleta nusu ya neno, akili inajaza nusu nyingine. Hapa naona akili inayofanya kazi kupita kiasi."

"Na filimbi?" aliuliza Mzee Unga.

"Filimbi mara nyingi huja na masikio yaliyochoka. Wengi huiona zaidi nyumba ikiwa kimya. Lakini tusibahatishe. Jumatatu njoo kliniki, tupime masikio. Na daktari akuulize maswali ya kumbukumbu pia, roho zenu zitulie."

Mzee Unga alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Mwezi uliopita tamthilia nilikuwa naielewa yote."

"Mlikuwa mnakaaje?"

"Mimi hapa. Mke wangu pale kulia. Tena alikuwa hanipi nafasi ya kusikiliza. Kila wanachosema anakirudia. Ananigeukia: 'Umeona, kaka yake atarudi.' 'Huyu atatia sumu, nakwambia.' Kila neno. Nilimwambia mara ngapi, mama, nyamaza nisikie..."

Aliishia hapo. Alikigeukia kile kiti cha kulia. Binti yake alikuwa anakitazama pia.

"Mama alikuwa anajua husikii?" binti aliuliza.

"Hakuniambia kitu," alisema Mzee Unga.

Aliachilia ufunguo.

Jumatatu hakula asubuhi. Huko kliniki, daktari alitazama ndani ya masikio kwa taa ndogo, akatoa nta kidogo. Mzee Unga alikiri kwamba hujichokoa kwa njiti ya kiberiti. Daktari akamkataza: njiti husukuma nta ndani, na inaweza kutoboa ngoma ya sikio. Kisha walimwingiza katika chumba kidogo kisicho na sauti, wakamvisha spika za masikioni. Akisikia mlio, abonyeze kitufe. Alikaa na kidole tayari. Kuna wakati mrefu hakusikia kitu, na nje ya kioo binti yake alimwona anavyongoja.

Majibu yalikuwa wazi. Kumbukumbu yake haikuonyesha tatizo. Masikio yalikuwa yameharibiwa na kelele, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Lakini kifaa cha kusaidia kusikia kingemfaa, na kikinga masikio kingeokoa kilichobaki.

"Nitajuaje kelele ni kubwa mno?" aliuliza.

"Simama na mtu umbali wa mkono mmoja," alisema muuguzi. "Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, kelele hiyo inakula masikio yenu wote wawili."

Binti alirudisha ufunguo baada ya siku kumi, baada ya fundi kuufunika mkanda wa mashine kwa wavu wa chuma. Sasa wateja husimama nyuma ya mstari mwekundu. Anayetaka kitu huinua mkono, na Mzee Unga hufanya kazi akiwa amewageukia, amevaa vikinga vikubwa vya masikio. Watoto wanamwita rubani.

Kila Jumapili saa kumi alasiri hurudiwa vipindi vya nyuma vya tamthilia. Jumapili ya kwanza baada ya kupewa kifaa, Mzee Unga alifungua daftari jipya. Televisheni ilikuwa namba kumi na sita. Binti alikaa kiti cha kulia, kimya, asimsumbue.

*Mke mdogo ametia sumu kwenye chai ya tajiri,* Mzee Unga aliandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mbona hurudii?" alimwuliza binti yake.

"Nirudie nini, baba? Si unasikia?"

"Nasikia. Wewe rudia tu."

Filimbi bado ipo. Huisikia asubuhi, kabla hajavaa kifaa. Na kila Jumapili saa kumi binti yake huja, humpangusa unga uliobaki kwenye nyusi, hukaa kulia kwake, na kurudia.