Banda Moja, Vyakula Viwili

Mektilda na mumewe Fabiani waliishi Nangara, mjini Babati. Walihama kutoka Mbulu wakati mkoa wa Manyara ulipoanzishwa na watumishi wengi kuhamia mjini. Walilima mahindi na kufuga kuku arobaini wa mayai. Kila asubuhi Mektilda alipeleka trei moja ya mayai kwa Mama Shadya, mwenye mgahawa karibu na stendi.

Mwaka mmoja, Fabiani alinunua vifaranga hamsini wa kuku wa nyama. Walipofikisha wiki tatu, aliwahamishia kwenye banda la kuku wa mayai.

"Watakula pamoja?" Mektilda aliuliza.

"Kuku ni kuku," Fabiani alijibu. "Wa mama yangu walikula pumba moja wote."

Akanunua chakula cha kuku wa nyama, akawapa wote. Kuku wa nyama walinenepa haraka. Lakini mayai yalipungua, na maganda yakawa laini. Mengine yalipasuka njiani.

"Mama Marietha, jana nimetupa mayai manane," Mama Shadya alimwambia Mektilda. "Yakiendelea hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Fabiani aliposikia, alinunua chakula cha kuku wa mayai. Hicho nacho akawapa wote. Maganda yakawa magumu tena. Mektilda akafurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya siku kumi hivi, kuku wa nyama waliacha kukua. Walikunywa maji mengi. Kinyesi chao kilikuwa cheupe, cha majimaji. Asubuhi moja Mektilda alikuta wanne wamekufa.

"Ni ugonjwa wa kideri," Fabiani alisema. "Tuwauze leo waliobaki, kabla hawajaisha."

"Hapana, Baba Marietha. Hatujui wamekufa kwa nini. Tutawauziaje watu?"

"Na wakifa wote?"

"Basi wafe. Siwauzi."

Fabiani alikasirika, akachukua jembe, akaenda shambani. Mektilda alikwenda kumwita Kornelia, afisa mifugo wa kata.

Kornelia alipofika, Fabiani alikuwa amerudi.

"Shikamoo, Baba Marietha."

"Marahaba."

Kornelia alivaa glavu, akampasua kuku mmoja aliyekufa.

"Sogeeni muone," alisema. "Hizi ni figo. Zimevimba, na zina michirizi myeupe. Sioni dalili za kideri hapa. Mnawalisha nini?"

Fabiani alimwonyesha mfuko. Kornelia akausoma.

"Hiki ni cha kuku wa mayai. Kina chokaa nyingi ya mifugo. Kuku anayetaga anaihitaji kutengeneza ganda la yai. Kuku wa nyama hatagi. Chokaa ikizidi mwilini mwake, inaharibu figo."

"Mbona nilipowapa cha kuku wa nyama, mayai ndiyo yaliharibika?" Fabiani aliuliza.

"Kwa sababu kile kina chokaa kidogo. Tena kinanenepesha. Kuku wa mayai akinenepa sana, hatagi vizuri. Kwa hiyo kila kundi lipewe chakula chake. Wa nyama wale kadiri wanavyotaka, ili wakue haraka. Wa mayai wapimieni. Kila mmoja apate gramu mia na ishirini hivi kwa siku."

"Tuna banda moja tu," Mektilda alisema.

"Kwa sasa wekeni ukuta katikati. Kila upande uwe na vyombo vyake vya chakula na maji. Lakini safari ijayo jengeni banda la pili. Kuku wakubwa huwaambukiza wadogo magonjwa."

Fabiani alimgeukia Mektilda.

"Kosa ni langu," alimwambia mkewe. "Uliniuliza, sikusikiliza."

Mchana huohuo alitafuta mbao na wavu, wakajenga ukuta pamoja. Mektilda alikuwa akijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Alichukua mkaa, akaandika MAYAI kwenye pipa moja la chakula na NYAMA kwenye jingine.

Kuku wawili zaidi wa nyama walikufa. Kornelia alirudi mara mbili kuwaangalia waliobaki. Walianza kuchangamka na kula, kisha wakaongezeka uzito. Waliuzwa wiki mbili baada ya muda uliopangwa. Mama Shadya alichukua kumi.

"Hawa wana nyama," alisema, akimpima mmoja mkononi. "Mkiwa na wengine, anzieni kwangu."

Mwezi wa nane vifaranga wapya hamsini waliletwa. Fabiani alikuwa amekwisha kujenga banda la pili upande wa pili wa ua. Siku hiyo kulikuwa na baridi. Mektilda aliwasha jiko la mkaa kuwapa joto, na Fabiani akafungua mfuko wa chakula cha vifaranga wa nyama. Kabla ya kumimina, alimpa mkewe mfuko asome.

Mektilda alisoma polepole, akifuatisha maneno kwa kidole.

"Ndicho chenyewe," alisema. "Wape."