Kikerezo cha Marehemu wa Feltham

Abdulwakil alipopitisha kiganja juu ya meza yake ya kazi asubuhi ile, chenga za shaba zilikuwa moto. Hakuwa amekereza kitu tangu juzi. Alizipangusa kwenye suruali, akasema, "Mwanamke huyu!" kisha akaenda zake kazini Heathrow. Kila lililokwenda kombo katika nyumba ile ya Hounslow alikuwa akimbandikia mkewe, Mwanabaraka.

Alikuwa mtu mrefu, fundi wa injini za ndege, aliyetoka Unguja akiwa kijana muda mfupi baada ya mapinduzi. London ilimfunza ufundi, na dharau alijifunza mwenyewe. Waingereza aliwaita wavivu, Wazanzibari wenzake wambeya, na mkewe alimwita mshamba wa Makunduchi. Kitu pekee alichokiheshimu ni bunduki yake ya kulengea shabaha, ambayo alikuwa na kibali chake cha polisi. Risasi za dukani alizitemea mate, akatengeneza zake mwenyewe katika chumba cha nyuma.

Ganda la risasi likishapigwa hurefuka shingo. Lisipopunguzwa, iko siku bunduki itamlipukia mtu usoni. Kwa hiyo alihitaji kikerezo, mashine ndogo ya kukata shingo za maganda zikawa sawa.

Kukichagua ilikuwa kazi. Vijay, mwenzake wa klabu ya shabaha, mzaliwa wa Darajani mwenye duka la vitambaa Wembley, alimwonyesha chake cha kuzungusha kwa mkono.

"Hiki kasagie kahawa," Abdulwakil alimwambia.

"Basi nunua cha umeme."

"Cha umeme ni cha watu wasio na mikono."

Mwisho alisikia kuwa mjane mmoja Mwingereza wa Feltham anauza vyombo vya mumewe. Kikerezo chake kilikuwa cha chuma cheusi, kizito kama kinu, na marehemu alikipata Aden alipokuwa askari. Abdulwakil alikiona tu akakitaka.

"Mume wangu alikuwa akikisalimu kabla hajakigusa," yule bibi alimwambia. "Akikiomba ruhusa. Sijui kwa nini, lakini hakukosa hata siku moja."

Abdulwakil alimcheka usoni. "Mimi siombi ruhusa kwa chuma." Alilipa, akakibeba nyumbani.

Siku za mwanzo zilikuwa zile chenga za moto tu. Kisha Mwanabaraka, aliyekuwa akishona nguo za watu nyumbani mchana, akaanza kusikia sauti ukutani. Krrr. Krrr. Mumewe yuko kazini na mlango wa chumba cha nyuma umefungwa kwa ufunguo.

"Bwana," alimnong'oneza siku moja wakati wa chai, "mle chumbani mna mtu."

"Mtu gani?"

"Anazungusha ile mashine. Nikigonga ananyamaza, nikigeuka anaendelea. Na harufu inapita chini ya mlango, harufu ya ubani na nywele zilizoungua."

"Umekuja London na majini yako ndani ya sanduku?"

"Sema taratibu, nakuomba. Anasikiliza."

Abdulwakil akapaza sauti makusudi. "Na asikilize! Kama yumo, ni kibarua wangu. Akereze, anyamaze!"

Chumbani, mkono wa kikerezo ukazunguka mara moja, polepole, kama mtu anayesafisha koo.

Alikwenda akafungua. Hamkuwa na mtu. Maganda yake yote yalikuwa yamesimama safu mezani, yamekatwa sawasawa kabisa, na yote yalikuwa mafupi mno, hayafai tena kwa bunduki yoyote. Badala ya kuogopa, alikasirika. Alikitukana kikerezo matusi ya Kiswahili, ya nguoni, ambayo hata mkewe alikuwa hajawahi kuyasikia kinywani mwake.

Baada ya hapo vitu vya nyumbani vilianza kupungua. Mdomo wa birika la shaba ulikutwa umekatwa, kisha miguu ya kiti anachokalia yeye. Halafu suruali zikaanza kuburura chini, akamgombeza Mwanabaraka kwa kushona vibaya, akanunua nyingine na hizo nazo zikaburura, mikono ya koti ikameza vidole vyake, kioo alichokuwa akinyolea ndevu kikawa kinamwonyesha paji la uso tu, na kila asubuhi chenga zilizokuwa mezani hazikuwa tena za shaba bali za kitu cheupe, kikavu kama unga wa muhogo, chenye harufu ya jino linalotobolewa kwa daktari, na Mwanabaraka alipozifagia alilia, maana alijua anamfagia mumewe.

"Kitupe," alimsihi.

"Nikitupe, nikubali kwamba nimeshindwa na kikerezo?"

Mwanabaraka alimwita Bi Arafa, mganga wa Kipemba anayekaa Barking. Mama yule aliingia, akamtazama Abdulwakil kuanzia utosini mpaka miguuni, kazi ambayo sasa haikuchukua muda, akawasha chetezo. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni ukaingia chini ya mlango wa chumba cha nyuma, na Mwanabaraka akafumba macho. Kinywani mwake ikatoka sauti nzito ya kiume, yenye lafudhi ya Kiarabu.

"Yule Mwingereza hakujua hata jina langu, na kila siku alinisabahi. Huyu amenitukana kwa lugha ninayoielewa. Aniombe radhi, nitatulia."

"Umesikia," Bi Arafa alimwambia Abdulwakil. "Neno moja tu. Sema."

Abdulwakil alikuwa anamfikia mkewe begani. "Mimi? Nimwombe radhi kibarua?"

Bi Arafa akazima chetezo kwa maji. "Nimekutana na majini wabaya na wema. Huyu ana adabu zake. Wewe sikuwezi." Mwanabaraka alipozinduka, Bi Arafa alimshika mkono. "Wewe hujamkosea, mwanangu. Muage, tuondoke."

Mwanabaraka alisimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. "Nisamehe," alisema. "Nilikusikia nikakuogopa, sikukusalimu. Mimi naondoka."

Ndani kukawa kimya, kimya cha heshima. Alichukua mkoba wake akafuatana na Bi Arafa. Mumewe hakuinuka. "Nendeni," aliwafokea kutoka kitini, miguu inaning'inia. "Mtarudi wenyewe."

Vijay alipokosa kumwona klabuni kwa muda mrefu, alikwenda Hounslow mchana mmoja wa Jumapili. Alibonyeza kengele, akagonga, kisha akapiga magoti akafungua kitundu cha barua mlangoni. Harufu ya ubani ilimpiga usoni.

"Wakil! Ni mimi, Vijay. Fungua, bwana."

Sauti ilimjibu kutoka karibu sana, chini ya kile kitundu.

"Kitasa sikifikii."

Mwanabaraka alikuwa amemweleza Vijay yote, naye hakuamini mpaka hapo. "Ndugu yangu," alisema, midomo ikigusa mbao, "nitavunja mlango, lakini hilo si la kuvunjiwa mlango. Mwombe radhi. Nani atakusikia? Mimi nitaziba masikio."

Vijay alisikia pumzi fupi fupi, za mtu anayepigana na nafsi yake. Kisha ile sauti ikaja, nyembamba kama ya mtoto mchanga, imejaa dharau tele.

"Nimwombe nani? Yule?"

Na kule chumba cha nyuma, mkono wa kikerezo ukaanza kuzunguka.