Harusi Iliyoitwa Magaidi

"Piga yowe, mpenzi! Kama mtu aliyefiwa!" Suhaib alimhimiza kutoka nyuma ya kioo cha studio.

Ramziya hakupiga. Tangu asubuhi alikuwa akitia sauti filamu ya vita ya mchumba wake, na vilio vyote alivitoa bila shida. Lakini picha hii ya droni ilimgandisha. Msafara wa magari, wanaume wamezunguka duara, majambia juu. Chini pameandikwa: "Magaidi wakijiandaa."

"Suhaib, hii mliipiga wapi?"

"Hiyo ya kweli, ya kwenu Yemen. Kwani vipi?"

"Magaidi gani wanasafiri na magodoro?"

"Magodoro?"

"Gari la nyuma! Magodoro yangu hayo, na blanketi la mistari la mama! Hao wanacheza, we mtu wa Amman! Bwana harusi akija kumpokea mkewe njiani, wanaume hushuka wakacheza na majambia. Huyo wa katikati ni Qayid, marehemu mume wangu, kabla kombora halijawaangukia!"

Jamani, Suhaib hakushtuka hata kidogo. Aliinamisha kichwa tu, na hapo ndipo Ramziya alipoelewa.

"Ulijua?"

"Ramziya, nisikilize..."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilipoipata hiyo picha nilitafuta walionusurika na kombora lile. Ndivyo nilivyokupata wewe. Lakini kukupenda sikupanga, wallahi!"

"Umekuja kuniposa, ukala mkate wa mama yangu, kumbe kifo cha mume wangu unacho kwenye kompyuta?"

"Wafadhili walitaka magaidi. Ningefanyaje?"

"Ungesema ni harusi! Neno moja tu, Suhaib!"

Alivua pete, akaiacha mezani, akatoka.

Jioni simu yake ikapokea ujumbe wa Suhaib: "Nimeifuta sehemu yote. Rudi, habibti. Alhamisi tufunge ndoa yetu."

Akajibu: "Nani kakutuma ufute? Waache wacheze. Andika tu kwamba ilikuwa harusi."

"Nikiandika, utarudi?"

Ramziya alilia kwa uchungu, maana bado alimpenda yule mwanamume, alimpenda hadi akajichukia. Akafuta machozi, akaandika:

"Andika hata nisiporudi."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja, si usiku ule, si Alhamisi.

Filamu ilipotoka, Ramziya aliingia ukumbini peke yake, akakaa nyuma kabisa. Sehemu ile ilikuwepo, na maandishi yale yale. Yowe alilipiga mwanamke mwingine.