Pigo la Pili

Waliokuwapo siku gari lilipoinuliwa kwa jeki ni hawa: Fundi, mwenye gereji, ambaye wateja walimwita Springi kwa sababu hakuweza kusimama mahali pamoja, Kinyozi, mwenye gari, mke wa Kinyozi, aliyefuatana na mumewe ili asije akauziwa kifaa kisichohitajika, na kaka yake huyo mke, shemeji wa Kinyozi, ambaye ndiye aliyewauzia gari lile, na ambaye hakuinuka kwenye kiti alichokalia karibu na mlango hata alipoitwa aje aone.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la milango miwili, la chini-chini, lililokwisha kutumika miaka mingi. Baadaye watu walisema lilikuwa jekundu la damu. Si kweli. Lilikuwa jekundu la tofali, na upande wa dereva rangi ilikuwa imepauka.

"Linarusha," alisema Kinyozi. "Nikipita juu ya kijiti cha kiberiti, uti wa mgongo unajua."

"Wewe ulinunua gari au ulinunua punda?" aliuliza Fundi kutoka uvunguni.

"Muulize shemeji yangu. Yeye ndiye mwenye zizi."

Wote walicheka isipokuwa mwenye zizi.

Fundi alitoka uvunguni akiwa na majibu. Springi zilikatwa zamani na mtu aliyetaka gari liiname kama duma. Shokapu zilikuwa zinavuja mafuta, bushi, zile raba za viungio, zilikuwa zimekwisha, na tairi zilijazwa upepo hadi zikawa mawe. Basi akaweka springi nzima, shokapu mpya, bushi mpya, akapunguza upepo. "Ukitoka hapa," alimwambia Kinyozi, "utalala usingizi ukiwa kwenye usukani. Na usilale."

Walilijaribu wao wawili kwenye barabara mpya ipitayo nyuma ya maghala, iliyonyooka na kulala sawa kama meza. Gari lilikwenda kana kwamba limebebwa. Fundi alikuwa ameanza kujisifu pale mbele ya gari ilipopiga kishindo.

Halikuwa shimo, kwa maana barabara haikuwa na shimo. Ilikuwa kama magurudumu ya mbele yamepanda juu ya kitu kilicholala, kisha yakashuka. Wakasikia sauti ya mfuniko wa bati ukizunguka juu ya lami, ukizunguka upesi zaidi kila ulipokaribia kulala, mpaka ukalala. Kukawa kimya. Ndipo nyuma nayo ikapiga, na ndani ya gari kukanuka maziwa yaliyochacha.

"Bushi," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Walirudi, wakafungua kila kitu, wakafunga tena. Hapakuwa na nati iliyolegea. Wakajaribu tena. Mbele, mfuniko, kimya, nyuma. Kinyozi alikuwa mtu wa mikono na masikio, kama walivyo watu wa kazi yake, na jambo moja halikumtoka. Gari likipanda tuta, kadiri unavyokwenda kasi ndivyo pigo la nyuma linavyolikaribia la mbele. Hapa haikuwa hivyo. Alikwenda kasi, akaenda taratibu kama maiti anasindikizwa. Nafasi kati ya pigo na pigo ilibaki ileile. Ilimtosha mtu kuvuta pumzi na kuamua jambo.

Alimpigia simu shemeji yake. "Hili gari lilikuwa linafanya hivi kwako?"

"Vipi?"

Alimweleza. Shemeji akasema mtandao ni mbaya, na simu ikakatika.

Kama jambo lingebaki ndani ya gari, Kinyozi angeliegesha akatembea kwa miguu. Halikubaki. Asubuhi moja alikuwa na mteja kitini, mzee wa watu, amepakwa povu, shingo ameinua. Kiti kikashuka upande wa mbele kama kilichokatwa mguu. Kinyozi akauinua wembe upesi.

"Nani ameangusha sufuria?" aliuliza yule mteja, macho yakiwa yamefumbwa.

Hakuna aliyeangusha kitu. Mfuniko ulilala. Kinyozi alisubiri, akaona yamepita, akaurudisha wembe shingoni. Hapo ndipo kiti kiliposhuka nyuma.

Jeraha halikuwa refu, lakini shingo ni shingo. Mteja aliondoka na nusu ya ndevu zake na maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia. Mkono wa kinyozi ni shamba lake. Ukisemwa kuwa unatetemeka, amekwisha. Wiki ile viti vilikaa vitupu. Waliopita walichungulia tu, wakijishika koo kwa mzaha, na mzaha huo ulimuuma kuliko tusi.

Nyumbani nako likaingia. Ilikuwa alfajiri, mwanga umeanza kupita kwenye pazia, na Kinyozi alikuwa macho amelala chali, anasikiliza jogoo wa jirani, pale kitanda kiliposhuka upande wa kichwani, na mahali fulani juu ya saruji, pasipokuwa na bati wala sufuria wala kitu chochote cha kuanguka, mfuniko ukaanza kuzunguka, ukazunguka, ukazunguka, na harufu ya maziwa ikapanda kutoka chini ikawa nzito kama blanketi, na mfuniko ulipolala hapakuwa kimya tena kama siku nyingine, bali uvunguni palikuwa na pumzi, pumzi fupi-fupi ya mtu aliyebanwa kifua na kitu kizito asichoweza kukiinua.

"Baba watoto," alinong'ona mkewe. "Umesikia?"

"Usiseme."

"Kuna mtu chini."

"Nimekwambia usiseme."

Na chini yao, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwomba mwenziwe asogee kidogo, sauti ya mzee ikasema, "Usiondoe."

Kitanda kikashuka upande wa miguuni.

Fundi ndiye aliyetafuta mtu wa kuwasaidia. "Mimi mambo haya siyaamini," alisema huku akijipangusa mikono isiyokuwa na mafuta. "Lakini mama mkwe anayaamini, na yeye siwezi kumbishia." Mama mkwe huyo alikuwa bibi mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyejulikana kwa kutoa majini ya watu bila kelele. Alikuja gereji mchana. Fundi alimwamkia kwa mbali na kujificha nyuma ya mapipa ya mafuta machafu. Alimwogopa yeye kuliko huyo jini.

Bibi aliingia akaketi kiti cha abiria, akafumba macho. Gari lilikuwa limesimama, injini imezimwa. Likashuka mbele. Bibi hakutikisika. Alisikiliza kimya kilichofuata kana kwamba kuna mtu anamsimulia, akaitika kwa kichwa mara kwa mara, na pigo la pili lilipokuja akafumbua macho.

"Huyu hakuzaliwa jini," alisema. "Ni mtu. Alikufa na neno kooni, jini akamkopesha mdomo. Na majini hawakopeshi bure. Nani aliliendesha gari hili kabla yako, mwanangu?"

Kinyozi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama chini.

"Anataka nini, bibi?" aliuliza mke.

"Ukimkanyaga mtu mguu kwenye foleni, unamwambiaje?"

"Niwie radhi."

"Basi. Huyu hakukanyagwa mguu. Aliyemkanyaga aje aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa mdomo wa shemeji wala wa dada. Akikataa, huyu mzee ataendelea kumtafuta kwa kupapasa, na atakayemgusa ndiye atakayemuumiza."

Mke wa Kinyozi ndiye aliyemleta kaka yake. Hakumweleza anakoitwa, alimwambia mama yao anaumwa. Alipoliona gari pale gereji, kijana wa watu alitaka kugeuka, lakini dada yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sema, kaka."

"Niseme nini?"

"Kuna mzee analala chini ya kitanda changu. Sema."

Shemeji alizungumza akiitazama tairi. Ilikuwa magharibi, alikuwa ndiyo kwanza amekatisha springi, gari linakwenda kama mshale. Kizee kikakatiza na baiskeli yenye makopo ya maziwa. Mtu yeyote angemgonga. Mtu yeyote.

"Halafu?"

"Nilisimama."

"Halafu, kaka?"

"Gari lilikuwa juu yake. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepita. Ya nyuma bado. Alikuwa mzima. Aliniambia nisiondoe gari. Aliongea vizuri tu, kama mimi na wewe. Na kwa mbali watu walikuwa wanakuja, dada. Wangeniua."

Hakuna aliyemuuliza alifanya nini. Kinyozi alikaa chini juu ya tairi kuukuu. Sasa alijua ile nafasi kati ya pigo na pigo ilikuwa ya nini. Pigo la kwanza lilikuwa bahati mbaya. La pili lilikuwa uamuzi.

"Na sisi ukatuuzia," alisema mke.

"Nilitaka liwe mbali nami."

"Ukaona nyumba ya dada yako ndiyo mbali."

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alimfungulia kaka yake mlango wa dereva kama anavyofunguliwa mgeni wa heshima. "Ingia. Sema neno lake, utuondokee."

Bibi alikuwa amekwenda nyumbani kula. Shemeji aliingia, akashika usukani kwa mikono miwili, akasogeza midomo. Dada aliinama dirishani. Haikuchukua muda. Alitoka anatiririka jasho na kutabasamu, akasema, "Mmeona? Kimya."

Na ilikuwa kimya kweli. Toka siku ile gari lilikwenda laini mno hata likawa linaleta usingizi. Kiti cha kinyozi hakikushuka, kitanda hakikushuka, na harufu ikapotea. Mkono wa Kinyozi ukatulia, wateja wakarudi mmoja mmoja, hata yule mzee wa watu akarudi kumaliziwa ndevu zake, ila alisisitiza anyolewe kwa mashine. Fundi alimwambia kila aliyesimama kusikiliza kwamba shokapu mpya huchukua muda kuzoeana na gari.

Mwisho wa mwezi Kinyozi alilipeleka gereji libadilishwe pedi za breki. Mkewe alikuwa naye. Gari liliwekwa juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yote yametolewa na kuegemezwa ukutani. Bibi alipita kumletea mkwewe ujumbe wa binti yake, Fundi akakimbilia nyuma ya mapipa, na bibi akasimama kusalimia.

"Ametulia?"

"Ametulia, bibi. Mungu akuweke."

"Yule bwana alimwambiaje?"

Kinyozi alimgeukia mkewe, kwani yeye ndiye aliyeinama dirishani.

"Alisema, 'Pole, mzee, ilikuwa ajali,'" alijibu mke.

Bibi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa. "Pole."

"Ndiyo, bibi."

"Jirani akiunguliwa na nyumba, unampa pole. Ukiichoma wewe, utampa pole? Pole husemwa na aliyekuwa kando akitazama." Alimkazia macho yule mwanamke. "Nawe ulisikia neno silo, ukanyamaza?"

"Kulikuwa kumetulia," alisema mke polepole. "Watoto walikuwa wanalala. Nikaona, kama mzee ameridhika, mimi ni nani?"

"Hakuridhika. Amemjua mtu wake, ameacha kupapasa."

Kinyozi alikwisha toa simu. Iliita mara moja tu.

"Shemeji! Mambo?" Sauti ilikuwa nyepesi, na nyuma yake palisikika hatua. "Niko njiani kwa miguu, natoka kazini. Magari nimeyakoma mie, yasije yakaniua bure."

"Sikiliza. Lile neno ulilosema—"

Gari likashuka mbele. Halikuwa na magurudumu, lilikuwa limekaa chuma juu ya chuma, na stendi hazikusogea hata unywele. Hata hivyo pua yake iliinama, ikainuka, kama ng'ombe anayekunywa maji. Kwenye simu mtu aliguna, kikafuata kishindo.

"Shemeji," ilisema simu, kwa sauti iliyobanwa. "Kuna kitu kimenikumba. Niko chini. Barabara ni tupu, hakuna kitu, lakini siwezi kuinuka, kifua changu—"

Mfuniko ulianza kuzunguka. Waliusikia gerejini juu ya saruji, na waliusikia kwenye simu juu ya lami, mmoja uleule, ukizunguka upesi zaidi kila ulipokaribia kulala, na Fundi akatoka nyuma ya mapipa bila kukumbuka kumwogopa mkwewe, na harufu ya maziwa ikajaa mpaka machoni, na Kinyozi akawa anapiga kelele, "Sema niwie radhi! Niwie radhi, basi!" na mkewe akamnyang'anya simu, akaishika kwa mikono miwili kama anayemlisha mgonjwa, akasema kwa upole ambao mumewe hakuwahi kuusikia, "Kaka, si pole. Sema umemkanyaga. Sema akuwie radhi. Anakusubiri."

Mfuniko ukalala.

"Pole, mzee," ilisema simu. "Pole, pole sana." Kisha, si kwa dada yake: "Usiondoe."

Gari likashuka nyuma.

Shemeji alifariki palepale, mchana kweupe, kwenye barabara iliyolala sawa na isiyokuwa na gari.