Mkate Uliolazwa Kifudifudi

Jumapili ile Solène aliamka na furaha. Jua limetoka, kuku wanataga, na mumewe Gaëtan alikuwa ameahidi kwamba iwe isiwe, chakula cha mchana watakula mtoni. Walikuwa wameishi miaka miwili katika kijiji kile cha Berry, mashambani Ufaransa, na majirani walikuwa wameanza kuwasalimia bila kulazimishwa.

Gaëtan alitumwa mkate pamoja na binti yao Maëlys, mtoto wa miaka saba. Waliporudi, Solène alifungua mfuko wa karatasi akakuta ncha moja imeshamegwa.

"Njiani kuna panya," Gaëtan alisema, akimkonyeza mtoto.

Solène alicheka tu. Kwa watoto wa huko, ncha ya mkate haifiki nyumbani.

Mtoni walitandika shuka, wakatoa jibini, soseji kavu na nyanya. Hapo ndipo Gaëtan alipojisifu. Dukani mikate ilikuwa imekwisha, umebaki mmoja tu kwenye rafu ya juu, umelazwa kifudifudi. Mzee Auclair, mwoka mikate, alipoingia ndani kutazama tanuri, Gaëtan akauchukua na kuacha hela kauntani.

Solène aliweka kisu chini. "Umechukua wa mkata vichwa?"

Huko kwao, mtu akiona mkate umelala kifudifudi huugeuza haraka, hata ugenini. Enzi za wafalme, mkate wa mkata vichwa, yule aliyewakata waliohukumiwa kifo, ndio uliolazwa hivyo, ili mwingine asiuguse. Wengi waliugeuza kwa mazoea. Auclair alikuwa bado anamtengea wake kila siku, na watu walimwona mzee tu mwenye vituko vyake.

"Mkata vichwa gani, bibie?" Gaëtan alisema. "Huyo hata meno hana tena."

Solène alinuna, akala nyanya na jibini. Maëlys alisema ameshiba. Gaëtan akala karibu mkate wote, akamrushia mbwa wao Filou ganda, na makombo akawawekea kuku.

Saa tisa walikuwa nyumbani. Makombo yalimwagwa bandani, Gaëtan akaenda kupasua kuni. Solène alikuwa akisuuza vyombo aliposikia kuku wamenyamaza, wote kwa pamoja.

Alitoka kuangalia. Kuku sita walikuwa wamelazwa mstari mmoja. Vichwa havipo. Shingo zilikuwa zimenyonyolewa manyoya kwanza, vizuri, kama za kupeleka sokoni.

Mbweha, alijiambia. Akamwita Filou.

Filou alikuwa kando ya lango. Shingo yake imenyolewa hadi ngozi. Kichwa kimewekwa ndani ya bakuli lake la maji.

Mlio wa shoka haukusikika tena.

"Gaëtan," aliita kwa sauti ya chini, asimtishe mtoto. "Baba Maëlys."

Kwenye banda la kuni, Gaëtan alikuwa amepiga magoti mbele ya gogo. Mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya kuni. Kola ya shati imekatwa ikaondolewa. Damu ilikuwa bado inaruka kwa vipindi, ikipiga ukuta. Kichwa kilikuwa ndani ya kikapu cha vijiti, nywele za nyuma zimepunguzwa sawasawa kwa mkasi. Macho yalimtazama Solène. Midomo ilikuwa bado inacheza.

Shoka lilikuwa limetundikwa msumarini. Kavu. Safi.

Solène alimbeba mwanawe, akamfunika uso kwa aproni, akakimbia. Kwa nguvu ipi, hajui mpaka leo. Alichotaka ni kimoja tu, mtoto huyu abaki hai.

Auclair alifungua mlango wa duka, kitambaa cha kulia chakula bado kiko shingoni. Akaona damu kwenye viatu vya Solène.

"Kwa hiyo ni ninyi," alinong'ona. "Nani amekula?"

"Mume wangu. Mbwa. Kuku."

"Hukata nywele kwanza, makali yasiteleze. Mtoto je?"

"Hakugusa. Nilikuwa namwangalia."

Maëlys akapeleka mkono nyuma ya shingo. "Mama, hapa pana baridi."

Solène aliinua msuko wa nywele. Chini yake palikuwa peupe, pamekatwa mstari ulionyooka. Kola ya blauzi haikuwepo.

Ndipo alipokumbuka ile ncha.

 Auclair alipanda ngazi, akarudi na mkate wa mezani kwake, nusu umeliwa, akaulaza kifudifudi kwenye rafu ya juu. Akawageuza wote wawili waelekee ukutani, naye akageuka. Solène aliziba shingo ya mwanawe kwa viganja viwili. Kama ni kukata, kuanze na vidole vyake.

Mlango haukufunguliwa. Lakini mtu alipita nyuma yao. Kisha wakamsikia akitafuna. Polepole, kama mtu asiye na haraka ya kazi.

Polisi hawakumkamata mtu. Leo Maëlys ana miaka kumi na tisa, anasoma mjini Lyon, na huvaa skafu hata kiangazi, kwa sababu nywele za pale hazijaota tena. Solène hakuhama, hakuthubutu. Auclair alipofariki, Solène aliwaomba wenye duka wapya ile rafu ya juu. Walimcheka, wakamruhusu. Kila jioni aliulaza mkate mwenyewe. Kila asubuhi haukuwepo.

Wiki iliyopita dukani aliajiriwa msichana mpya, mpole, aliyelelewa na bibi yake. Jumanne asubuhi alimpokea Solène kwa tabasamu.

"Jana wakati wa kufunga nilikuta mkate wako umelala vibaya, mama. Nikakugeuzia."

Mkate ulikuwa palepale, haujaguswa. Kando yake palikuwa na skafu ya kijani, ambayo Maëlys alikuwa ameivaa Jumapili akipanda treni kurudi Lyon. Ilikuwa imekatwa vipande viwili, kwa mkasi, mstari ulionyooka.

Solène alivichukua vile vipande. 

"Nikufungie na huu?" msichana aliuliza.